Kupandisha PostgreSQL kutoka 13 hadi 17: kazi ambazo pg_upgrade haikufanyii

Kila toleo kuu la PostgreSQL, programu ya seva ya hifadhidata, hutunzwa kwa miaka 5, basi. Toleo la 13 lilifika mwisho wake Novemba 2025, na tundu la usalama litakalogunduliwa ndani yake baada ya hapo halitatolewa kiraka. Hata hivyo seva zinazoliendesha bado ni nyingi, kwa kuwa ndilo lililokuja na Debian 11, na kwa kuwa hifadhidata isiyosumbua watu huiacha kama ilivyo. Haya ni maelezo ya kuitoa hifadhidata kama hiyo kwenye 13 na kuipeleka 17, juu ya Debian au Ubuntu, kwa kutumia `pg_upgrade`, amri inayokuja na PostgreSQL kwa kazi hiyo. Amri yenyewe humaliza kazi kwa dakika chache. Matatizo hutoka kwenye mambo ambayo haikuyagusa.

Tuweke sawa suala la namba kwanza. Tangu toleo la 10, namba ya mbele ndiyo toleo kuu. Kutoka 13.4 hadi 13.20 unabadilisha programu na kuwasha seva upya, na mafaili ya data yanabaki yalivyo. Kutoka 13 hadi 17 ni habari nyingine: majedwali ya ndani ya mfumo yamebadilika umbo, na seva ya 17 ikielekezwa kwenye saraka ya 13 inakataa kuwaka:

```
FATAL:  database files are incompatible with server
DETAIL:  The data directory was initialized by PostgreSQL version 13, ...
```

Wanaotumia Docker hukutana na ujumbe huu bila kutarajia, pale walipoandika `postgres:latest` na taswira mpya ikashuka usiku. Hakuna data iliyopotea hapo. Rudisha lebo ya `postgres:13` na kontena litawaka. Kuanzia sasa andika namba ya toleo waziwazi, hasa kwa kuwa taswira ya 18 imehamisha pia mahali pa saraka ya data ndani ya kontena.

pg_upgrade inafanya nini hasa

Umbo la majedwali ya mfumo hubadilika karibu kila mwaka, lakini namna rekodi za mtumiaji zinavyoandikwa kwenye diski hubadilika kwa nadra sana. `pg_upgrade` inategemea ukweli huo. Inachota maelezo ya muundo tu kutoka klasta ya zamani (klasta ni seva moja na hifadhidata zake zote), yaani majedwali, faharasa, vitendaji na haki za watumiaji, inayajenga upya kwenye klasta mpya, kisha inayachukua mafaili ya data jinsi yalivyo na kuyaweka chini ya muundo huo mpya. Haisomi rekodi hata moja. Ndiyo maana hifadhidata ya terabaiti 2 yenye majedwali 300 inaweza, kwa njia ya `--link` tutakayoiona mbele, kumaliza mapema kuliko ya gigabaiti 20 yenye majedwali 40,000.

Na kwa kuwa haisomi rekodi, haiwezi kujua kama faharasa zako ni nzima. Haihamishi takwimu za kipangaji cha maswali (sehemu inayochagua njia ya kulijibu swali), haigusi usanidi, na haikuletei maktaba za viendelezi (nyongeza zinazoipa seva uwezo zaidi). Hayo manne ni yako wewe.

Hesabu ulichonacho

Kabla ya kusakinisha chochote, ingia katika kila hifadhidata ya klasta, siyo ile kubwa peke yake, uendeshe haya:

```
SELECT extname, extversion FROM pg_extension;
SELECT * FROM pg_prepared_xacts;
SELECT slot_name, slot_type FROM pg_replication_slots;
SHOW data_checksums;
SELECT name, setting FROM pg_settings WHERE source = 'configuration file';
SELECT rolname FROM pg_authid WHERE rolpassword LIKE 'md5%';
```

Orodha ya viendelezi ndiyo yenye uzito zaidi. Kila kiendelezi chenye maktaba yake lazima kiwe na kifurushi cha 17 kilichosakinishwa kwenye mashine ileile. PostGIS, kiendelezi cha data za ramani, kwa mfano, inahitaji `postgresql-17-postgis-3`. Kisipokuwepo kifurushi cha toleo jipya, safari imeishia hapo mpaka upatikane mbadala. Afadhali ulijue hilo wiki mbili kabla kuliko saa nane usiku.

Miamala iliyoandaliwa na kuachwa ikining'inia lazima ifungwe, ama kwa `COMMIT PREPARED` ama kwa `ROLLBACK PREPARED`. Nafasi za urudufishaji wa kimantiki hazihamishwi kutoka 13, kwani uwezo huo umeanza pale klasta ya zamani inapokuwa tayari 17. Kama kuna programu inayosoma mabadiliko kupitia nafasi hizo, panga itakavyoanza upya.

Sakinisha toleo jipya kutoka hazina ya apt.postgresql.org, ambayo huruhusu 13 na 17 kukaa pamoja bila kugombana:

```
apt install postgresql-17 postgresql-17-postgis-3
pg_lsclusters
```

Debian itakuundia klasta ya 17 iitwayo `main` kwenye poti 5433. Linganisha `SHOW data_checksums` za pande zote mbili (cheksamu ni namba za kugundua data iliyoharibika diskini), kwa sababu zikitofautiana `pg_upgrade` itakataa. Kama ya zamani ni `on` na mpya ni `off`, ifute mpya, ambayo bado ni tupu, uiunde tena:

```
pg_dropcluster 17 main --stop
pg_createcluster 17 main -- --data-checksums
```

Wanaokwenda moja kwa moja 18 watakutana na kinyume chake: huko cheksamu huwashwa bila kuombwa, hivyo kama ya zamani haina, mpya iundwe kwa `--no-data-checksums`.

Ukaguzi, kisha mazoezi

Ukaguzi wa `--check` hauandiki kitu kwenye data, na seva ya 13 inaweza kuendelea kufanya kazi wakati unapita. Ya 17 iwe imezimwa. Kwenye Debian usanidi unakaa `/etc` na data inakaa `/var/lib`, kwa hiyo ni lazima uitajie njia zote:

```
pg_ctlcluster 17 main stop
su - postgres
cd /tmp
/usr/lib/postgresql/17/bin/pg_upgrade --check --link \
  -b /usr/lib/postgresql/13/bin -B /usr/lib/postgresql/17/bin \
  -d /var/lib/postgresql/13/main -D /var/lib/postgresql/17/main \
  -o '-c config_file=/etc/postgresql/13/main/postgresql.conf' \
  -O '-c config_file=/etc/postgresql/17/main/postgresql.conf'
```

Hiyo `cd /tmp` ina kazi yake: programu inadai saraka ambayo mtumiaji `postgres` anaweza kuandika, na ukiiendesha kutoka `/root` itagoma hata kabla ya kuanza. Mwisho unaoutaka ni mstari `*Clusters are compatible*`. Ukikosa, ripoti ziko ndani ya `pg_upgrade_output.d` kwenye saraka ya data ya 17.

Kosa linaloongoza ni lile la `loadable_libraries.txt`, na maana yake ni kwamba kuna maktaba inayotajwa na klasta ya zamani ambayo mpya haina. Mara nyingi ni kifurushi kilichosahaulika. Wakati mwingine ni vitendaji vya `plpython2u`, lugha iliyoondolewa kabisa katika 15. Hivyo inabidi viandikwe upya kwa `plpython3u` au vifutwe. La pili ni `incompatible_polymorphics.txt`. Katika 14 vitendaji kama `array_append` vilibadilishiwa aina za hoja, hivyo kijumlishi ulichojitengenezea juu yake kwa `anyelement` hakitajengeka. Kifute kwanza, umalize kazi, kisha kiunde tena kwa `anycompatible`.

Usiuamini `--check` peke yake. Ukaguzi huo hutafuta yale tu yaliyopangwa ndani yake. Mwono (view, yaani swali lililohifadhiwa kama jedwali) uliotengenezwa juu ya majedwali ya mfumo hupita ukaguzi bila neno, halafu unakwama katikati ya kazi halisi. Mfano mzuri ni mwono unaosoma safuwima ya `buffers_backend` kutoka `pg_stat_bgwriter`: safuwima hiyo haipo tena katika 17, hivyo amri ya kuunda mwono inashindwa na zoezi zima linasimama. Mazoezi kamili juu ya nakala ndiyo yatakayokuonyesha hilo. Chukua `pg_basebackup` ya seva halisi, iweke kwenye mashine ya pembeni yenye 13 na vifurushi vyote vya 17, uipandishe mpaka mwisho, na uelekeze nakala ya programu yako kwake. Andika muda uliotumika kwa kila hatua, maana huo ndio utakaowatangazia watumiaji.

Kunakili au kuunganisha

Bila maelekezo mengine, `pg_upgrade` inanakili mafaili yote. Unahitaji nafasi ya diski sawa na data yote uliyonayo, na unasubiri kwa kadiri diski inavyokwenda. Faida yake ni kwamba klasta ya 13 inabaki nzima. Mambo yakiharibika unaiwasha.

Kwa `--link` hakuna kinachonakiliwa. Jina jipya linaelekezwa kwenye faili lilelile, kazi inakwisha haraka, na nafasi inayoongezeka ni ndogo. Masharti ni kwamba saraka zote mbili ziwe kwenye mfumo mmoja wa mafaili. Gharama yake ni kubwa: seva ya 17 ikishawashwa, ya 13 haifai tena, kwa sababu zote mbili zinashika mafaili yaleyale. Programu hulibadilisha jina faili la `global/pg_control` la klasta ya zamani liwe `pg_control.old` ili pasiwe na atakayeiwasha kwa bahati mbaya. Kama umesitisha kabla ya kuiwasha ya 17, rudisha jina hilo na 13 itawaka salama. Ukishaiwasha, njia ya kurudi ni nakala rudufu tu.

Ipo njia ya kati, `--clone`, kwa mifumo ya mafaili inayoweza kugawana vipande vya diski, kama Btrfs au XFS iliyoundwa na uwezo wa reflink. Inakaribia kasi ya `--link` na inaacha klasta ya zamani nzima. Ukiwa nayo, itumie. Usipokuwa nayo, chukua `--link`, lakini uwe umesimamisha 13 na kupiga picha ya diski kwanza, tena picha ambayo umeshajaribu kuirejesha.

Njia yoyote utakayoshika, kumbuka kwamba rekodi zilizoandikwa baada ya watumiaji kurudi hazimo katika 13. Uamuzi wa kurudi nyuma ufanywe kabla ya kufungua mlango, na mwenye kauli ya mwisho ajulikane mapema.

Siku yenyewe

Zima programu, hakikisha `pg_stat_activity`, orodha ya waliounganishwa na seva, haina mgeni, endesha `CHECKPOINT`, chukua nakala, simamisha 13, kisha rudia ile amri ndefu bila `--check`, na mahali pa `--link` ukiweka njia uliyochagua. Unaweza kuongeza `-j 4`, ingawa hugawa kazi kwa hifadhidata na kwa maeneo ya majedwali. Ukiwa na hifadhidata moja kubwa hutaona tofauti.

Debian ina kifuniko chake, `pg_upgradecluster -v 17 -m upgrade --link 13 main`, ambacho pia huhamisha usanidi na kubadilishana poti. Kinataka klasta ya `17 main` isiwepo, kwa hiyo ile tupu ifutwe kwanza. Usipoandika `-m upgrade` kitatumia njia ya kumwaga na kurejesha data yote, jambo ambalo kwa gigabaiti 500 litakula usiku mzima. Ni chombo kizuri. Bado nashauri mazoezi yafanywe kwa amri ndefu, ili ujue ni hatua gani imekwama inapokwama.

Usanidi

Usibandike `postgresql.conf` ya 13 juu ya ya 17. Jina moja lisilotambulika linatosha kuizuia seva kuwaka, na majina kadhaa yameondolewa njiani: `stats_temp_directory` katika 15, `vacuum_defer_cleanup_age` na `promote_trigger_file` katika 16, `old_snapshot_threshold` katika 17. Hilo la kwanza Debian yenyewe ilikuwa ikiliandika ndani ya faili la 13, hivyo linawakamata hata wasiogusa usanidi. Chukua orodha uliyoipata kwenye `pg_settings` na uhamishe kimojakimoja ulichokibadilisha kwa sababu. Yaliyowekwa kwa `ALTER SYSTEM` yako ndani ya `postgresql.auto.conf`, nayo hayahami. Weka `port = 5432` kwa 17, ihamishie 13 poti nyingine, na uandike `manual` ndani ya `/etc/postgresql/13/main/start.conf` ili isiwake mashine ikizimwa na kuwashwa.

Faili la `pg_hba.conf`, linaloamua nani aingie na kwa njia gani, lina mtego wake. Kuanzia 14, chaguo la kawaida la kuhifadhi nenosiri ni `scram-sha-256` (SCRAM), badala ya `md5` ya zamani. Manenosiri ya zamani yanahama yakiwa bado katika umbo la md5, na mtumiaji wa namna hiyo akikutana na mstari wa `scram-sha-256` atakataliwa hata kama nenosiri lake ni sahihi. Acha neno `md5` kwenye `pg_hba.conf` kwa sasa: linawapokea wote wawili, wa umbo la zamani na wa jipya. Badilisha manenosiri pole pole ukiifuata ile orodha ya `pg_authid`, halafu ndipo ukaze mlango. Angalia pia drayva: inayotumia libpq (maktaba ya kuunganisha programu na PostgreSQL) iliyotangulia toleo la 10 haijui SCRAM kabisa.

Takwimu, kabla ya watumiaji kurudi

Seva imewaka, majedwali yote yapo, na swali lililokuwa likichukua milisekunde 5 sasa linachukua dakika 2. Hapa wengi hulaumu toleo jipya. Kumbe kipangaji hakina takwimu hata moja, kinakisia, na kinasoma jedwali zima pale ambapo faharasa ingetosha. Mpaka toleo la 17, `pg_upgrade` huziacha nyuma takwimu hizo. Ni 18 iliyoanza kuzihamisha sehemu kubwa. Kwa hiyo:

```
/usr/lib/postgresql/17/bin/vacuumdb --all --analyze-in-stages -j 4
```

Inapita mara tatu: kwanza kwa sampuli ndogo kabisa, kisha ya kati, mwisho ya kawaida. Mpito wa kwanza huisha mapema na hutoa takwimu mbovu lakini zinazofaa kuliko kukosa. Kama muda wa kusimama unaruhusu, subiri yote matatu. Kama hauruhusu, subiri angalau wa pili.

Wakati huohuo endesha `update_extensions.sql` ikiwa imeachwa kwenye saraka uliyoendeshea kazi; PostGIS inasasishwa kwa `SELECT postgis_extensions_upgrade();`. Angalia pia vitendaji vilivyomo ndani ya faharasa za kukokotoa na miono iliyohifadhiwa. Katika 17 kazi za matengenezo, kama `ANALYZE`, `REINDEX` na `REFRESH MATERIALIZED VIEW`, hutumia `search_path` iliyobanwa, na kitendaji kinachotaja jedwali bila skima yake kitasema jedwali halipo. Dawa ni kumpa kitendaji `search_path` yake kwa `ALTER FUNCTION ... SET search_path`.

Herufi na faharasa

Hili ndilo la hatari kuliko yote, kwa kuwa halipigi kelele. Faharasa ya maandishi imepangwa kwa kufuata kanuni za herufi za mfumo endeshi, yaani za glibc, maktaba ya msingi ya Linux. Kanuni zikibadilika, mpangilio ulioko diskini haulingani tena na mpangilio ambao seva inautarajia. Swali linarudi tupu wakati rekodi ipo. Faharasa ya kipekee inakubali jina lilelile mara mbili. Badiliko kubwa lilikuja na glibc 2.28 ya mwaka 2018, iliyoingia Debian 10 na RHEL 8. Kipimo chake ni rahisi:

```
( echo "1-1"; echo "11" ) | LC_COLLATE=en_US.UTF-8 sort
```

Mashine ya zamani huanza na `11`. Mpya huanza na `1-1`.

Kwa sababu hiyo usipandishe mfumo endeshi na hifadhidata usiku mmoja. `pg_upgrade` kwenye mashine ileile haibadilishi glibc. Kuhamisha saraka ya data kwenda mashine yenye mfumo mpya zaidi kunaibadilisha, na replika ya kimwili (nakala hai ya seva, faili kwa faili) iliyojengwa juu ya mfumo tofauti ina ugonjwa uleule. Toleo la 13 halikuwa likirekodi toleo la kanuni hizi kwa hifadhidata nzima, hivyo usikae kusubiri onyo. Kagua:

```
pg_amcheck --all --install-missing --heapallindexed
```

Kikipatikana kibovu, ondoa kwanza rekodi zilizojirudia, la sivyo faharasa ya kipekee haitajengeka. Kisha `REINDEX DATABASE CONCURRENTLY`, na mwisho `ALTER DATABASE ... REFRESH COLLATION VERSION`. Mpangilio huo usiugeuze: amri ya mwisho inanyamazisha onyo tu, haitengenezi kitu.

Kwa hifadhidata ya gigabaiti 30 kushuka chini, inayohama mashine na mfumo pamoja, achana na `pg_upgrade`. Tumia `pg_dump -Fd -j 4` ya toleo la 17 dhidi ya seva ya 13, `pg_dumpall --globals-only` kwa watumiaji, na `pg_restore -j 4`. Faharasa zote zinajengwa upya na suala la herufi linaisha lenyewe.

Nakala rudufu na replika

Mnyororo wa WAL (kumbukumbu ya kila badiliko la data) wa 13 hauwezi kuendelea ndani ya 17. Tangu dakika ile seva mpya inawaka hadi nakala kamili ya kwanza ikamilike, huna pa kurejea isipokuwa hali ya kabla ya kazi. Anza `pg_basebackup` mara moja, au kwa pgBackRest, programu ya nakala rudufu, endesha `stanza-upgrade` kisha nakala kamili. Skripti za zamani zinazoita `pg_start_backup` zitashindwa: tangu 15 jina ni `pg_backup_start`. Replika nazo zijengwe upya kutoka seva kuu mpya, na vielelezo vya ufuatiliaji vinavyosoma `pg_stat_bgwriter` vielekezwe `pg_stat_checkpointer`.

Klasta ya 13 iache imezimwa kwa wiki moja au mbili kama ulinakili. Kama ulitumia `--link`, haikupi kinga yoyote. Nakala kamili ya 17 ikishakamilika na kujaribiwa kurejeshwa, endesha `pg_dropcluster 13 main`, kisha ondoa vifurushi vyake.